Mchezaji, Jilinde Kazini: Mwongozo kwa Wanasoka wa Unguja na Pemba

Nauandika mwongozo huu kwa kijana wa kiume au wa kike anayelipwa ili acheze mpira hapa visiwani, na kwa yule aliyevuka maji kwenda kuchezea klabu ya Bara au ya nje. Wazazi na manahodha nao wausome, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaojua mapema kuliko wengine.

Sheria za kumlinda mchezaji zipo. Kinachotumaliza ni muhali. Katibu wa klabu ni jirani wa mjomba, mwalimu wa timu alisoma skuli moja na kaka yako, mfadhili ndiye aliyetoa nauli mama alipokwenda kutibiwa Dar es Salaam. Mshahara ukichelewa unaona tabu kudai. Ukitukanwa mbele ya wenzako unaambiwa "vumilia, huyo mkubwa wako". Basi kila jambo linapita kwa mdomo, hakuna kinachobaki kwenye karatasi, na siku ukisema, neno lako linakuwa moja dhidi ya maneno ya watu wazima watano. Karibu kila hatua hapa chini inarudi kwenye jambo hilo: liandike, litie tarehe, na usilijue peke yako.

Haya hayako kwetu tu. FIFPRO, shirikisho la vyama vya wachezaji duniani lililoanzishwa mwaka 1965, liliwahoji wachezaji karibu 14,000 wa nchi 54, na ripoti yake ya mwaka 2016 ilionesha kuwa asilimia 41 walicheleweshewa mishahara katika miaka miwili iliyotangulia. Wengi wao walikuwa na mikataba ya maandishi.

Kabla ya yote: pambanua ukali na unyanyasaji

Mwalimu akikukimbiza mizunguko kumi kwa kuchelewa mazoezi, huo ni ukali. Akikuweka benchi mechi nne kwa sababu mwenzako yuko vizuri zaidi, ni kazi yake. Akipaza sauti "kaza, unalala!" mbele ya watu, hiyo ndiyo lugha ya uwanjani na utaizoea.

Unyanyasaji ni kitu kingine. Ni kofi. Ni kukutukania wazazi, rangi, dini au kwenu ulikozaliwa. Ni kukunyang'anya pasipoti. Ni kukutoa kambini na kukuamuru ufanye mazoezi peke yako, jua la saa nane, wiki baada ya wiki, ili uchoke uuchane mkataba wewe mwenyewe. Ni kukuzuilia mshahara mpaka ukubali kupunguziwa. Ni kukwambia ucheze na goti lililovimba, la sivyo "usahau jezi". Ni kutaka mapenzi ili upangwe. Ni kukutaka ufungishe, yaani uuze mechi.

Hilo la kukusukuma ili uondoke lina kifungu chake. Kanuni za FIFA za Hadhi na Uhamisho wa Wachezaji, kifungu cha 14, zinasema mwenendo wa kinyanyasaji wenye lengo la kumlazimisha mtu avunje au abadilishe mkataba unampa aliyenyanyaswa sababu halali ya kuuvunja. Kwa hiyo klabu inayokufukuza kwa vituko haijajiokoa na fidia; inajiongezea kesi, mradi wewe una ushahidi.

Hatua ya kwanza: mkataba uwe mkononi mwako

Hapa nitakaa sana, maana matatizo mengi ninayoyasikia yangezuilika siku ya kusaini.

Usisaini papo hapo. Wakikuita saa tano usiku hotelini na kalamu imeshafunguliwa, sema: "Nashukuru, nauchukua nyumbani nimsomee baba, kesho asubuhi nawaletea." Klabu inayokutaka kweli itasubiri asubuhi. Usisaini karatasi nyeupe wala mkataba wenye nafasi tupu "tutazijaza baadaye". Kila ukurasa utie saini ndogo, na uondoke na nakala yako yenye saini za pande zote na mhuri. Wasipokuwa nayo, ipige picha hapohapo kurasa zote.

Kisha utafute mambo haya ndani yake. Tarehe ya kuanza na ya kumaliza: mkataba wa mchezaji wa kulipwa hauzidi miaka 5, na kwa aliye chini ya miaka 18 FIFA haitambui zaidi ya miaka 3. Mshahara uandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, pamoja na tarehe ya kulipwa. Dau la usajili litajwe kivyake, na kama linalipwa kwa mafungu, kila fungu liwe na tarehe yake. Nyumba, nauli ya boti kwenda kwenu, posho za kushinda: ulichoahidiwa kwa mdomo kiandikwe au ukihesabu hakipo. Matibabu ya jeraha la kazini analipa nani, na mshahara unaendelea ukiwa umelala? Andikeni. Kifungu kinachosema mkataba utakuwa halali ukifaulu vipimo vya afya hakikubaliki kwa kanuni za FIFA. Vipimo vifanywe kabla ya kusaini.

Halafu kipengele cha kuvunja mkataba. Kisome mara tatu, na umpe mwanasheria akisome. Disemba 2022 Feisal Salum, Fei Toto, mtoto wa Zanzibar, aliweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga akiamini ameshajinunua. Januari 2023 kamati ya TFF ikaamua kuwa bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita bila kucheza, maneno yakajaa mitaani na redioni, mpaka Juni mwaka huo, baada ya Rais Samia kutia neno, pande mbili zikamalizana na yeye akaenda Azam. Sitaki kumhukumu yeyote katika hilo. Ninachotaka ulione ni kwamba mchezaji mwenye jina kubwa vile, anayeitwa Taifa Stars, alipoteza nusu msimu kwa tafsiri ya kipengele kimoja. Wewe usiye na jina utapoteza zaidi. Kipengele kiseme wazi: kiasi gani, kinalipwa kwa nani, kwa taarifa ya siku ngapi, na je klabu lazima ikubali au la.

Ukibakiwa na miezi 6 au pungufu, unaruhusiwa kuzungumza na klabu nyingine. Usitishwe kwa hilo.

Kwa wachezaji wa timu za idara, yaani za vikosi vya serikali kama KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo, Zimamoto na nyinginezo, hali ni tofauti kidogo. Ukiwa umeajiriwa idarani, anayekupanga uwanjani huenda ndiye mkubwa wako kwa cheo. Amri na mpira vinachanganyika, na mchezaji hajui akikataa kucheza na jeraha ameasi au amejitunza. Uliza mapema, kwa adabu na kwa maandishi: ajira yangu ni ya nini, na nikiachwa kwenye timu ajira inabaki? Barua ya ajira na makubaliano ya timu viwe faili mbili. Uliza pia kama michango yako ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, inapelekwa, kisha nenda mwenyewe ofisini kwao ukaangalie. Mfuko huo upo tangu 1998 na mpira wa miguu hauchezwi mpaka uzeeni.

Wakala naye. Awe na leseni ya FIFA, na mkataba wako naye usizidi miaka 2. Anayetaka pesa kwanza ili akupeleke majaribio Oman au Ulaya, muache. Na mtoto wa miaka 16 akiahidiwa usajili nje ya nchi, mzazi ajue kuwa kifungu cha 19 cha kanuni hizo kinakataza uhamisho wa kimataifa kwa aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa humo. Pasipoti inakaa kwako. Klabu ikiihitaji kwa viza, chukua karatasi ya kuonesha nani kaipokea na lini itarudi.

Hatua ya pili: fungua daftari

Daftari la kawaida la dukani linatosha. Siku hiyohiyo, kabla hujalala, andika kilichotokea: tarehe, saa, mahali, nani kasema nini kwa maneno yake mwenyewe, nani alikuwepo. Mfano:

"Jumanne, saa 10 jioni, uwanja wa mazoezi. Mwalimu msaidizi kanipiga kofi baada ya kupoteza mpira. Kasema: 'Huna faida, rudi kwenu ukavue.' Walioona: nahodha na golikipa wa pili. Saa 1 usiku nimekwenda spitali, nimepewa cheti."

Usiandike ulivyohisi tu, andika kilichotendeka. "Kocha ananichukia" hakimsaidii anayekusikiliza. "Tangu tarehe 3 natengwa, nafanya mazoezi na vijana wa miaka 17, sijapewa sababu" kinamsaidia.

Ujumbe wa simu usiufute, hata kama unakuchoma. Sauti za WhatsApp zihifadhi, picha za skrini zionyeshe namba na tarehe, na usizikate wala kuzichorachora. Peleka nakala kwenye barua pepe yako na kwa mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini, kwa sababu simu inaibiwa, inaanguka baharini, na inaweza kuchukuliwa kambini. Malipo yapokee kwa benki au kwa simu ili rekodi ibaki. Ukilipwa taslimu, saini penye kiasi halisi ulichopewa. Kusaini laki tano ukapewa laki mbili ni kujifungia mlango wa kudai.

Hatua ya tatu: sema, na useme kwa mpangilio

Jambo dogo lianze kwa mazungumzo, faragha, ukiwa umepoa. Chagua wakati ambao si wa mechi. "Shkamoo mwalimu. Nakuheshimu na nataka kucheza chini yako. Ile juzi kunitukania mama mbele ya timu imeniumiza, naomba isirudi." Sentensi tatu zinatosha. Mtu muungwana ataona haya. Asiye muungwana atakuwa ameonywa, na wewe utakwenda kuandika daftarini kwamba umemwambia.

Likirudi, mwambie nahodha na meneja wa timu. Likirudi tena, andika barua kwa katibu wa klabu. Peleka nakala mbili. Moja wabaki nayo, ya pili waitie saini ya kupokea na tarehe, urudi nayo. Wakikataa kuipokea, itume kwa barua pepe na WhatsApp ya katibu siku hiyohiyo na uandike kwamba ulikwenda na nani akakataa.

Kofi, vitisho vya kuumizwa na mambo ya kingono havipitii ngazi hizi. Hayo yanakwenda polisi moja kwa moja.

Hatua ya nne: mshahara usipoingia

Usigome peke yako. Usipande boti ukarudi Pemba kwa hasira. Klabu nyingi husubiri hilo: ukikosa mazoezi siku tatu, wewe ndiye unakuwa mtoro, na deni lao linageuka kosa lako. Endelea kufika mazoezini, na kila siku hakikisha kuna anayeweza kushuhudia kuwa ulifika.

Kanuni ya FIFA, kifungu cha 14bis kilichoanza 2018, inasema mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi 2 kinyume cha sheria anaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali, ila kwanza aiandikie klabu na kuipa angalau siku 15 ilipe lote. Barua yenyewe ni fupi:

"Kwa Katibu, Klabu ya ______. Mimi ______, mchezaji wa klabu kwa mkataba wa tarehe ______, sijalipwa mshahara wa mwezi wa ______ na wa ______, jumla shilingi ______. Naomba nilipwe zote ndani ya siku 15 tangu kupokea barua hii. Nipo tayari kuendelea na mazoezi na mechi zote za klabu."

Sentensi ya mwisho usiiache. Ndiyo inayokulinda usiitwe mtoro.

Sasa, unapeleka wapi? Inategemea unacheza wapi. Zanzibar si mwanachama wa FIFA. Hata uanachama kamili wa CAF tuliopewa Machi 2017 ulifutwa Julai mwaka huohuo. Kwa hiyo ugomvi wa mchezaji wa hapa na klabu ya hapa unaanzia kwenye kamati za ZFF, shirikisho la mpira la Zanzibar, na upande wa ajira kuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 na Sheria ya Uhusiano Kazini Namba 1 ya 2005, ambazo malalamiko yake yanapokelewa na Kamisheni ya Kazi kwa usuluhishi kabla ya Mahakama ya Kazi. Usisahau kwamba vifungu vya FIFA nilivyovitaja bado vinakufaa kama kipimo: vinakuonesha nini ulimwengu wa mpira unakiona cha haki, na unaweza kuomba viandikwe ndani ya mkataba wako. Ukicheza Bara, kamati ya TFF inayosimamia sheria na hadhi za wachezaji ndiyo mlango wa kwanza. Ukiwa klabu ya nchi nyingine, Baraza la Mpira la FIFA linasikiliza migogoro yenye sura ya kimataifa, mchezaji halipi gharama za shauri, na una miaka 2 tangu tukio kutokea. Ikipita hiyo, hawakusikilizi.

Huna pesa ya wakili? Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kinatoa msaada bure Unguja na Pemba, na ZAFELA, jumuiya ya wanasheria wanawake, nao wanasaidia. Nenda na daftari lako, mkataba na ile barua yenye saini ya kupokelewa. Ukienda mikono mitupu watakurudisha ukaandike.

Hatua ya tano: mwili ni wako

"Piga sindano umalize mechi." Wachezaji wengi wa hapa wamelisikia hilo, hasa Januari wakati wa Kombe la Mapinduzi, macho yote yakiwa Amaan au Gombani na kila kiongozi anataka kuonekana. Sindano ya ganzi inaondoa maumivu, jeraha linabaki palepale na linaendelea kuchanika bila wewe kusikia. Usichomwe kitu usichokijua jina. Uliza: dawa gani, ya nini, nani kaiandika, imo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni? Ikiwemo, adhabu unaibeba wewe. Kocha hatasimama nawe.

Pata cheti cha daktari wa spitali, Mnazi Mmoja au Abdalla Mzee kule Mkoani au kituo chochote, nakala ibaki kwako. Ukiambiwa ucheze, jibu ni moja: "Mwalimu, daktari kaandika wiki tatu. Cheti hiki hapa. Ukinitaka nicheze kabla, niandikie." Hakuna atakayeandika.

Kichwa kikigongwa, ukapoteza fahamu hata kwa muda mfupi, ukaona wawili wawili, ukasahau matokeo, toka na usirudi mechi hiyo. Sheria za mchezo tangu msimu wa 2024/25 zinaruhusu mashindano kuweka mbadala wa ziada kwa jeraha la kichwa, kwa hiyo hata kisingizio cha "tumemaliza sabu" kinapungua nguvu. Wenzako wakikuona unayumba, wakae chini uwanjani mpaka mwamuzi asimamishe.

Ramadhani nayo ina shinikizo lake, zaidi kwa wanaocheza Bara na nje. Kufunga ni ibada yako, na hakuna kocha mwenye haki ya kukukejeli kwa hilo. Zungumza na daktari wa timu kabla ya mwezi kuandama kuhusu saa za mazoezi, maji na daku, na muafikiane mapema.

Hatua ya sita: "kamati ya ufundi" na kuuza mechi

Kila anayeujua mpira wetu anajua kamati ya ufundi ni kina nani na ufundi wao ni wa aina gani. Mchezaji analazimishwa kuoga dawa za waganga, kuruka ukuta badala ya kupita mlangoni, kulala makaburini. Akikataa anaambiwa ndiye mkosi. Nasema wazi: una haki ya kukataa jambo linalokwenda kinyume na dini yako na linalokutia hofu. Usibishane usiku ule kambini. Sema mbele ya nahodha, "Mimi hili siliwezi, dini yangu hainiruhusu, mpira nitaucheza kwa nguvu zangu zote," kisha nenda kalale. Wakikutoa kikosini kwa sababu hiyo, liingie daftarini na majina ya waliosikia.

Kufungisha ni hatari zaidi. Mtu anakuja kwa upole: anakulipia deni, anakununulia simu, halafu anakuomba penalti moja tu. Usipokee chochote. Usiutunze moyoni kama siri ya rafiki, kwa sababu kanuni za FIFA zinamtaka mchezaji aliyefuatwa atoe taarifa mara moja, na kukaa kimya kwenyewe ni kosa. Taarifa ipeleke ZFF au TFF, na kwa kuwa ni rushwa, ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa Zanzibar, ipo kwa kazi hiyo. Kama anayekutaka ni kiongozi wako mwenyewe, usianze kwake. Anza nje ya klabu.

Lipo na la upande wa pili. Beki kateleza, goli limeingia, asubuhi mji mzima unasema "kauza". Klabu inamsimamisha kwa simu. Mchezaji, dai barua yenye tuhuma yenyewe, dai muda wa kujibu na kuitwa kwenye kikao ukiwa na mtu wako. Redioni usiende kujitetea kabla hujaonana na mwanasheria.

Hatua ya saba: udhalilishaji hauna sulhu

Nimeacha nafasi hii ya peke yake kwa watoto wa vituo vya mpira na kwa wasichana wetu, maana mpira wa wanawake umekua, JKU Princess wameshatuwakilisha nje, na bado msichana anayevaa bukta anasikia maneno ambayo kaka yake hatayasikia maishani.

Kiongozi au mwalimu akimtaka mchezaji kimapenzi, akimshika, akimtumia picha chafu, au akimwingilia, jambo hilo haliamuliwi na uongozi wa klabu, wala halimalizwi na wazee kwa fedha ya kufuta machozi. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi na kituo cha Mkono kwa Mkono, kilichopo Mnazi Mmoja na Chake Chake na spitali nyingine. Pale anapatikana daktari, polisi na mshauri chini ya paa moja. Usioge kwanza. Nguo ulizovaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Wahi: dawa za kukinga maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri ya mapema ndivyo bora. Simu ya watoto ni 116, bure. Kwa Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata awe anafunga mabao ligi kuu. Na kwa upande wa mpira, Kanuni za Maadili za FIFA tangu 2023 hazina ukomo wa muda kwa unyanyasaji wa kingono, kwa hiyo lililotokea zamani bado linasemeka.

Klabu yenye watoto iweke utaratibu usiojadiliwa: hakuna mtu mzima kulala chumba kimoja na mtoto safarini, ujumbe kwa watoto upitie kundi lenye mzazi ndani, na msichana asitibiwe misuli na mwanamume peke yao chumbani. Mzazi, uliza haya kabla ya kumtoa mwanao. Anayekasirika kuulizwa amekujibu.

Baada ya fainali ya Kombe la Dunia la Wanawake Agosti 2023, rais wa shirikisho la Hispania, Luis Rubiales, alimbusu mdomoni mchezaji Jenni Hermoso mbele ya dunia nzima. Wachezaji wenzake walitangaza kuwa hawatochezea taifa mpaka uongozi ubadilike. FIFA ilimfungia Rubiales miaka 3, na Februari 2025 mahakama ya Hispania ikamtia hatiani kwa udhalilishaji wa kingono. Bila wenzake, naamini Hermoso angeambiwa asahau.

Mchezaji akipata ujauzito, asifukuzwe. Kanuni za FIFA zinampa likizo ya uzazi ya wiki 14 kwa uchache, kwa malipo. Kwenye mkataba wako wa hapa, omba kifungu hicho kiandikwe.

Hatua ya nane: mashabiki na mitandao

Kuzomewa kunavumilika. Kutukanwa rangi, kurushiwa chupa, kufuatwa nyumbani, hapana. Uwanjani mwambie nahodha, nahodha amwambie mwamuzi. Kwa ubaguzi wa rangi, Mkutano Mkuu wa FIFA wa Mei 2024 mjini Bangkok ulipitisha ishara: mchezaji anapishanisha mikono kwenye vifundo mbele ya kifua. Mwamuzi anasimamisha mechi, matusi yakirudi anaiahirisha kwa muda na timu zinaingia ndani, yakirudi tena anaivunja.

Mtandaoni usijibu. Piga picha ya skrini yenye jina la akaunti, tarehe na kiungo, ripoti kwenye mtandao husika, kisha funga. Vitisho vya kuua au kumdhuru mtu wa familia vipeleke polisi: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Bara na Zanzibar, na kifungu cha 23 kinahusu manyanyaso ya mtandaoni. Usiku wa kufungwa, mpe ndugu simu mpaka asubuhi. Na mkumbuke mama, maana mara nyingi matusi yanafika kwenye simu yake kabla ya yako.

Usingizi ukipotea wiki mbili, ukawa unatetemeka kabla ya mazoezi au huoni faida ya kuishi, nenda kwa daktari. Najua watu watasema ukionekana Kidongo Chekundu, spitali ya maradhi ya akili. Nenda hivyohivyo, au anza kwa daktari wa kawaida spitali ya karibu. Goti linatibiwa na hofu nayo inatibiwa.

Hatua ya mwisho ni ya wachezaji wenzako

Malalamiko ya mtu mmoja klabu inayazima kwa kumuacha. Ya wachezaji kumi na nane haiwezi. Mchezaji mwenzenu akiandika barua ya haki, saini zenu ziwe chini yake, na nahodha awe wa kwanza kutia yake. Asiachwe kula peke yake kambini. Ushahidi wake mliouona muuandike siku hiyohiyo, kila mtu kwa mkono wake, msinakiliane. Bara kuna SPUTANZA, chama cha wachezaji. Anayecheza kule ajue viongozi wake na namba zao kabla hajaumwa na jambo. Hapa visiwani, kaeni kama wachezaji wa klabu zote, wa timu za idara na za uraiani, Unguja na Pemba pamoja, mchague watu wawili au watatu wa kusema kwa niaba yenu ZFF. Kikao cha kwanza mkifanye kabla ya usajili kufunguliwa, ajenda ikiwa moja: mfano wa mkataba ambao kila mchezaji atauomba.